Hiyo suti ya Jumatatu usiivae Jumanne

We binti wa Mafinga, salamu baadaye. Nimesoma ulivoandika, umeitwa usaili wa ualimu shule ya binafsi hapa Mbeya Jumanne saa mbili asubuhi, unauliza sketi au suruali, rangi ipi, skuna au simpo, nywele usuke au ubane, yote sawa, ila kuna kasentensi umekapitisha katikati kama hakana uzito, eti suti fundi anaimalizia Jumatatu mchana afu unaipitia ukienda stendi. Hapo ndo nimeweka kikombe cha chai chini. Nakuomba mdogo wangu usifanye hivo. Mi nilifanya hivohivo na kazi nikaikosa, na lile somo nilikuwa nalijua vizuri sana.

Ilikuwa mwaka 2019 mwezi wa saba, na wa Mbeya mnaijua asubuhi ya mwezi wa saba, ukiongea mvuke unatoka mdomoni. Nilikuwa nafundisha kwa kujitolea zaidi ya mwaka, nikaitwa usaili shule moja ya binafsi, jina silitaji. Kitambaa nilinunua Mwanjelwa elfu 35, kushona elfu 40, hela ya kukopa hiyo. Fundi akanizungusha, leo umeme hakuna, kesho vifungo bado, nikaja kukabidhiwa usiku wa kuamkia usaili. Nikajaribu palepale dukani nimesimama mbele ya kioo, ikanikaa vizuri kweli, ila nilipotaka kunyoosha mkono nikahisi kwapani panavuta. Nikamwambia. Akanijibu, nakumbuka neno kwa neno, "Litaachia lenyewe dada, suti ya kike lazima ikushike, kwani unaenda usaili au unaenda shamba?" Na mi nikanyamaza nikalipa! Mpaka leo nikipita mtaa ule damu inachemka. Fundi mzima unajua mteja ni mwalimu, unajua mwalimu kazi yake ni mkono juu ubaoni siku nzima, unamshonea kwapa kama la mwanasesere wa dirishani. Na wale wadada wa video za mitandaoni nao, "suti ifiti, suti ikubane, ndo uprofesheno", nani kawaambia? Wamewahi kusimama mbele ya darasa la watoto 45?

Asubuhi baridi kali, blauzi ile nyepesi niliyopimiwa nayo haitoshi, nikavaa na fulana nzito ndani. Hapo ndo nikajimaliza, maana koti lilipimwa juu ya blauzi tu. Kufunga vifungo nikavuta pumzi. Kupanda bajaji sketi haina mpasuo wa maana, ikabidi niingie kwa kukaa kwanza afu nigeuze miguu pamoja.

Maswali ya mezani nilijibu vizuri tu, nikaona walimu wanatikisa vichwa kukubali. Afu mkuu akasema twende darasani ufundishe dakika 20. Darasa la tano, Hisabati, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, yani zile namba za chini hazifanani. Mada nimeifundisha mara ngapi sijui. Nikashika chaki, niandike theluthi mbili jumlisha robo, mkono ukagoma kwenye usawa wa kifua. Sio kwamba naogopa, koti ndo limegoma. Nikaandika hapohapo chini, 2/3 + 1/4, watoto wa nyuma wakaanza kusimama. Mmoja akasema "Madamu hatuoni". Nikalazimisha kupandisha mkono, mshono wa kwapa la kulia ukaachia praaa, darasa likanyamaza. Toka hapo mkono nikaubana ubavuni, nikawa naandika kwenye kipande cha ubao kama daftari, nafuta, naandika tena palepale, hata hatua za kufika 11/12 hazikukaa pamoja mtoto azione. Chaki ikaanguka, kuinama sketi hairuhusu, nikamwomba mtoto aniokotee. Ikaanguka mara ya pili nikamwomba tena. Dakika 20 zote nimesimama sehemu moja, sijapita katikati ya madawati hata mara moja, sijakagua daftari hata moja.

Tulipotoka mkuu akaniuliza taratibu, "Mwalimu, bega linakuuma?" Nikasema hapana. Nashindwa kujisamehe kwanini sikusema ukweli.

Kazi hawakunipa. Baadae mwalimu mmoja wa pale akaniambia waliandika hatumii ubao, hana uchangamfu, hafikii wanafunzi wa nyuma. Kila neno lilikuwa kweli kwa walichokiona. Nilikaa mwaka mwingine mzima najitolea. Kwahiyo anayetaka kucheka acheke, akimaliza akajipime koti lake kwapani.

Kanuni ninayoishika sasa ni moja: nguo ya usaili lazima iwe imeshafanya kazi kabla ya usaili. Kusimama kiooni siyo kuvaa. Ivae nyumbani saa nzima na kila utakachovaa ndani siku ile, fulana, shimizi, blauzi, vyote. Andika kwa kidole ukutani juu ya mlango. Chuchumaa uokote kitu. Kaa kwenye kiti kifupi, maana ofisi nyingi wana yale makochi ya kuzama, sketi inayofika chini ya goti ukisimama inaweza kupanda juu ya goti ukikaa, kwahiyo urefu mwambie fundi akupime umekaa. Mwambie pia aache kitambaa ndani ya mishono, vidole viwili, ili ikibana afumue aongeze, wangu hakuacha kitu ndo maana hata kurekebishika suti ile haikurekebishika. Na mpasuo wa nyuma uwe wa kukuwezesha kupanda basi, kwa ndani uwe na kitambaa cha kupishana usionyeshe mapaja.

Suruali au sketi, mi naona yoyote inayopita hilo jaribio. Serikalini wana waraka wao wa mavazi toka 2007, na ofisi nyingi wanabandika mlangoni picha za visivyotakiwa, za kubana, fupi, zinazoonyesha mwili, kaziangalie halmashauri hapo Mafinga upate picha, shule za binafsi nyingi nazo wanataka hivohivo. Viatu vaa ulivyoshatembelea. Skuna mpya kwenye sakafu ya darasa iliyotoka kupigwa deki, hapana.

Na kwenye basi usiivae. Mafinga mpaka huku unakaa masaa, Makambako baridi, ukishuka Igawa na Chimala joto, unatokwa jasho, ukipanda Uyole baridi tena, utafika umekunjika kama umelalia nguo. Panda na dela na sweta, suti iwe kwenye hanga, ikifika ipigwe pasi.

Leo ni Alhamisi. Mpigie fundi sasa hivi mwambie unaitaka kesho jioni, ukikuta haijaisha usimbembeleze, vaa lile gauni la bluu ulilosema unaendaga nalo kanisani na ulishawahi kufundishia Sunday school, hilo mkono unapanda na umeshalikalia mara mia. Jumamosi lijaribu ukutani kama nilivosema, afu urudi hapa uniambie kwapani pamevuta au hapajavuta.