Hiyo njia ya mkato ya kwenda Kolo, ifute kwenye ratiba yako

Mkuu, acha hiyo njia. Mengine uliyouliza tutayafikia huko chini nikipata nafasi.

Umesema wewe na shemeji mnatoka Dodoma mjini mwezi Machi na kigari cha IST, mnapanda Kondoa kuona michoro ya kale ya miambani ya Kolo, halafu mnarudi na kushuka Mtera hadi makorongo ya Isimila, Iringa. Umeuliza pa kulala, pa kula na mafuta yatakula kiasi gani. Katikati umechomeka mstari mmoja tu: kuna mtu kakuambia mnaweza kuacha lami kabla ya Kondoa, mkapita vijijini, mkavuka "kakorongo ka mchanga", mkaokoa muda na kupata picha kali. Huo mstari ndio ulioninyima usingizi. Mimi na mke wangu tuliambiwa maneno hayohayo.

Sasa unaokoa muda gani? Dodoma hadi Babati ni lami, kilomita zipatazo 250, na Kolo iko palepale barabarani, kama kilomita 25 ukishapita Kondoa mjini. Ofisi ya mambo ya kale unaikuta kando ya barabara. Hakuna kona ya kukata hapo.

Sisi tulikata. Tulikuta korongo pana, mchanga mweupe, mkavu, jua la mchana linachoma, anga halina hata wingu. Mke wangu akashuka apige picha. Nikaingia taratibu kama nilivyoelekezwa, na katikati gari likazama. Mchanga wa makorongo ya kule ni mkavu juu tu. Chini una maji, ndiyo maana kiangazi wanawake wanachimba visima humohumo wachote. Ukikanyaga mafuta, tairi linajichimbia kaburi. Tukaanza kufukua kwa sufuria.

Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi ukingoni akaanza kupaza sauti: "Wanangu, tokeni humo! Liacheni gari, maji hayo!" Sikuona maji yoyote. Mke wangu ndiye aliyesikia mngurumo kwanza, akanishika mkono, tukakimbia na begi moja. Maji yakaja ya kahawia, yamebeba matawi na magogo, yakafika kwenye vioo na kuligeuza gari ubavu. Hadi leo mke wangu akisikia mvua usiku anaamka.

Maji yametoka wapi na jua linawaka? Milimani, mkuu. Ardhi ya Kondoa imeliwa na mmomonyoko miaka mingi, hadi serikali ikaanzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Mvua ikipiga kwa nguvu kwenye miteremko ya namna ile haizami yote. Inateremka kwa pamoja na kukusanyika kwenye korongo. Mvua za Dodoma huanza karibu na Desemba na kufika Aprili. Ni chache, lakini zikishuka zimeshuka. Kwa hiyo wewe Machi unasimama chini unaangalia anga la juu ya kichwa chako, wakati habari yako iko juu ya mlima usiouona.

Hilo lilikuwa janga la kwanza. La pili ndilo lililotumaliza. Maji yalipopungua, vijana wa kijiji wakaleta ng'ombe wa jembe, wakalivuta gari hadi ukingoni. Nikampigia yule jamaa aliyetuelekeza njia. Akasema: "Washa tu, litakohoa kidogo halafu litakaa sawa." Nikawasha. Likapiga kishindo kimoja likanyamaza.

Fundi wa Kondoa alipofungua akakuta injini imekunywa maji na fito za pistoni zimepinda. Akanieleza vizuri: hewa inabanika ndani ya silinda, maji hayabaniki, kwa hiyo ukilazimisha pistoni ipande, lazima kitu kivunjike. Akasema gari lingevutwa bila kuguswa ufunguo, tungetoa plagi, tukamwaga maji, tukabadilisha oili na kukausha umeme, na injini ingekuwa na nafasi kubwa ya kupona. Bima yetu ilikuwa ile ndogo, ya mtu wa tatu, ambayo hailipi gari lako mwenyewe. Fedha za bati za nyumba yetu zikaishia kwenye injini ya mtumba na brekidauni.

Yule jamaa ana ukurasa wa safari mtandaoni, anajiita mzoefu wa Kanda ya Kati. Picha zake za lile korongo zimepigwa Agosti! Nyasi zimekauka, mibuyu haina jani. Anawapeleka watu Machi kwa picha za Agosti. Nilipompigia mara ya pili hakupokea, na picha bado ziko palepale, zinavutia wengine. Mtu wa namna hiyo ananikera kuliko mwizi, kwa sababu mwizi hakuambii "niamini".

Na wale watakaokuja hapa chini kusema tatizo ni dereva: pale hata trekta lingezama. Kilichotutoa ni ng'ombe, na wale hawana leseni.

Kwa hiyo shika hili moja: gari halishuki korongoni kabla miguu yako haijashuka, na miguu haishuki kabla hujamuuliza mtu anayeishi ukingoni. Simaanishi mtu wa simu, wala ramani, wala bodaboda mpita njia. Na kwa Machi, hata huyo mwenyeji akisema pita, wewe baki lami. Maji yakikukuta popote, usiguse ufunguo.

Ukifika Kolo anzia pale ofisini, lipia, chukua mwongozaji. Njia ya gari kwenda chini ya mlima wa Mungumi wa Kolo nayo ni mbaya. Muulize hali yake ya siku hiyo, na akisema IST haifai, liache hapo. Juu mnapanda kwa miguu. Michoro hiyo ya rangi nyekundu iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, na wenyeji bado wanafanya matambiko pale, basi msiguse miamba wala kuimwagia maji ili picha zitoke vizuri.

Kama shemeji anachotaka ni makorongo, Isimila inatosha kabisa. Iko kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, njia ya Mbeya. Gari linabaki juu, mnateremka kwa miguu katikati ya nguzo za udongo zilizochongwa na maji na upepo, ndefu kuliko nyumba, na mnaonyeshwa zana za mawe za watu wa kale. Mvua ikianza mkiwa chini, pandeni, hata kama picha hazijaisha. Kutoka Dodoma kwenda huko mtapita Mtera, hapo mle samaki, kisha mwende pole kwenye kona za mlima wa Nyang'oro.

Pa kulala Kondoa pako, wadau watakutajia. Mafuta sijui unatembeaje.

Ila nijibu hili kabla hujalipia chochote: huyo aliyekuambia habari za hilo korongo, yeye mwenyewe alilivuka mwezi gani?