Shomoro chini ya kofia: nilichojifunza kwa Casey Stengel

Msimu wangu wa kwanza wa kufundisha besiboli timu ya watoto hapa New Jersey, tulifungwa mechi saba mfululizo. Baada ya ile ya saba niliwafokea. Juma lililofuata, kijana wetu mmoja wa miaka kumi alijifungia garini mwa mama yake, akalia, hataki kushuka.

Usiku ule nilisoma habari za Casey Stengel, mchezaji wa besiboli wa Marekani aliyekuja kuwa meneja, yaani kocha mkuu, maarufu. Mwaka 1919, akiichezea Pittsburgh, alirudi Brooklyn kwenye timu yake ya zamani, na mashabiki wakamzomea. Akavua kofia kuwasalimu, shomoro akaruka kutoka kichwani! Zomeazomea ikageuka kicheko.

Alipopewa kuiongoza Yankees, timu ya New York, mwaka 1949, wengi walimwona mchekeshaji tu, maana umeneja wake Brooklyn na Boston haukuzaa kitu. Kwa misimu 12 aliwapa ubingwa wa ligi mara 10 na World Series, fainali ya ubingwa wa besiboli Marekani, mara 7, tano za kwanza mfululizo. Mzaha wake ulikuwa na kazi nyuma yake: mrushaji wa wapinzani akitumia mkono wa kulia, Stengel aliingiza wapigaji wa mkono wa kushoto, na kinyume chake. Hata wa benchi alijua zamu yake inakuja. Hilo nililiiga mara moja.

Lakini kilichonigusa zaidi ni Mets wa 1962, timu mpya ya New York aliyoiongoza baadaye, waliofungwa mechi 120 na kushinda 40. Stengel, mzee wa miaka zaidi ya 70, aliongea na waandishi bila kuchoka, na magazeti yakawa na cha kuandika zaidi ya makosa ya vijana. Kwa hiyo wenzangu mnaofundisha watoto, mkifungwa, kocha aseme kwanza, na lawama aibebe yeye. Ila ulimi mkali wa Stengel kwa wachezaji msiuchukue. Mtoto wa miaka kumi hatofautishi utani na dharau.

Kabla ya mechi iliyofuata niliwaomba radhi wote, nikawasimulia kisa cha shomoro. Yule kijana akauliza: “Alikuwa anapumua vipi humo ndani?” Tukajadili swali hilo mpaka mwamuzi akatuita. Tulifungwa tena, 9 kwa 4. Mazoezi yaliyofuata yeye ndiye aliyefika wa kwanza, akavua kofia yake mbele yangu nione kama kuna ndege.