Muulize Ami: Sauti Mbili, Santuri Moja

*Shikamoo Ami. Babu yetu anatimiza miaka 85 na tunamfanyia karamu hapa nyumbani. Ujanani mwake alipenda sana rokenroli ya mwanzo, hasa zile nyimbo za kuimbwa na watu wawili. Mimi nawajua Everly Brothers tu. Wewe wapenda zipi?*
*Mjukuu, Kisauni*

Marahaba mwanangu, na babu nisalimie sana. Hao Everly usiwaache. Don na Phil waliimba tangu utotoni kwenye kipindi cha redio cha wazazi wao kule Iowa, na mwaka 1957 "Bye Bye Love" ikawatoa kwa watu. Lakini babu mpigie "All I Have to Do Is Dream" ya 1958. Gitaa lile linalotetemeka mwanzoni ni la Chet Atkins. Ndugu wawili wanaingia pamoja, wanavuta pumzi pamoja, mpaka hujui hii sauti ni ya nani na ile ni ya nani.

Ila umeniuliza nipendazo mimi, na mimi moyo wangu uko kwa wawili wanaojibizana. Sisi wa Mombasa tumekulia kwenye chakacha za arusini. Tunajua raha ya huyu kutupa neno na yule kulidaka. Kwa hiyo tafuta "Let the Good Times Roll" ya Shirley na Lee, ya New Orleans, 1956. Sauti ya Shirley Goodman ni nyembamba na kali, kama ya mtoto anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya kivuko. Leonard Lee anakuja na sauti nzito, ametulia. Hawaoanishi sauti hata kidogo. Mmoja anaimba, mwingine anapokea, basi. Wauzaji waliwatangaza kama wapenzi, na wapenzi hawakuwa, lakini ukiwasikiliza utaapa walikuwa.

Sasa nifike kwa Mickey na Sylvia, na hapa univumilie. Miaka ya sabini nilikuwa nauza santuri Digo Road, na mteja akiniambia hajui anachotaka, nilikuwa namwekea "Love Is Strange". Ilitoka mwishoni mwa 1956. Mickey Baker alikuwa mpiga gitaa wa studio huko New York, na Sylvia Vanderpool alikuwa mwanafunzi wake wa gitaa. Wimbo wenyewe ni wa Bo Diddley, ingawa aliuandikisha kwa jina la mkewe. Katikati wanaacha kuimba na kuanza kuzungumza. Mickey anamuuliza Sylvia humwitaje mpenziwe. Sylvia anajibu. Asipoitika je? Anajibu tena, kwa sauti laini zaidi. Na asipoitika bado? Hapo ndipo anapoimba, na gitaa linajibu nyuma yake. Ni sekunde chache tu, lakini mimi sijasikia mahaba yaliyotiwa kwenye santuri kwa ustadi kuliko hayo. Hakuna anayepiga kelele. Kila mmoja anamsubiri mwenziwe amalize.

Na huyo Sylvia asikupite hivi hivi. Baadaye, kwa jina la Sylvia Robinson, ndiye aliyeanzisha Sugar Hill Records na kusimamia "Rapper's Delight" ya 1979, ile iliyoipeleka rapu duniani. Kabla ya hapo, katikati ya miaka ya sabini, alimtungia Shirley Goodman yule yule "Shame, Shame, Shame", na Shirley akarudi kwenye madisko baada ya miaka mingi ya kusahaulika. Jambo hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Ongeza Dinah Washington na Brook Benton, "Baby (You've Got What It Takes)" ya 1960. Mmoja anaingia mahali pa mwenziwe, wanataniana, na studio ikaacha vile vile. Ahsante zao. "Hey Paula" ya Paul na Paula, iliyovuma 1963, watu wataiomba. Mimi naiona tamu mno, lakini babu ndiye mwenye siku.

*Ami, mume wangu ashikilia kuwa yule mwanamume anayezungumza na Tina katika "It's Gonna Work Out Fine" ni Ike Turner. Mimi nimesikia siye. Tuamue.*
*Mama wa Likoni*

Siye, mama. Jina la Ike liko kwenye santuri ile ya 1961, lakini sauti ni ya Mickey Baker, huyo huyo niliyemtaja hapo juu. Yeye na Sylvia walikuwamo studio kuutengeneza wimbo huo. Msikilize Mickey katika "Love Is Strange", kisha umrudie hapa. Mumeo atamtambua mwenyewe.

*Shikamoo Ami. Mimi na kakangu twataka kuimba kama Everly Brothers, lakini kila tukianza twajikuta sote kwenye sauti moja. Tufanyeje?*
*Ndugu wawili, Changamwe*

Marahaba wanangu. Mmoja wenu ashike wimbo kama ulivyo na asiuache kwa hali yoyote. Don ndiye aliyekuwa akifanya kazi hiyo. Wa pili apande juu kidogo: mwenzake akiwa kwenye do, yeye awe kwenye mi, na wapande na kushuka pamoja. Anzeni na mstari mmoja, polepole, bila gitaa. Anayepotea azibe sikio moja kwa kidole ajisikie mwenyewe. Mkishaweza, simameni karibu, mkitazamana midomo, maana herufi za mwisho lazima zikatike pamoja. Na yule wa juu asipaze sauti kumshinda wa chini. Phil hakufanya hivyo, ndiyo maana twawasikia wote wawili.