Shangazi, Nimebakiza Masanduku 17 Tu

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 28, nina mke. Kuna gemu ya vita nacheza kwenye simu, na kuna shujaa mmoja namtafuta ambaye hutoka kwenye sanduku tu, lile unalonunua bila kujua kilichomo. Gemu yenyewe imeandika kwamba uwezekano wa kumpata ni asilimia 1. Nimeshafungua masanduku 83, hajatoka. Mara mbili gurudumu linalozunguka ukifungua lilisimama ubavuni pake kabisa, nikaruka kitandani. Mke wangu anajua nacheza, hajui kwamba nalipia. Nikiacha sasa naona nitakuwa nimetupa yote, na nimebakiza 17 tu kufika 100. Nimalizie? Halafu niambie ukweli, mimi ni mraibu? Mwindaji.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimalizie.

Hizo 17 umezitoa wapi? Umeona asilimia 1 ukapata picha ya gunia lenye masanduku 100, mtu wako amejificha kwenye mojawapo, nawe unalimaliza gunia. Hakuna gunia. Kila ukibonyeza kura inapigwa upya, na sanduku la 84 halina habari na yale 83. Wachezaji 100 wakifungua masanduku mia mia kwa asilimia 1 hiyo, tarajia kama 37 kati yao watoke mikono mitupu. Kosa lako ni la kale. Agosti 18, 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, kigololi cha ruleti, gurudumu la kamari lenye namba nyekundu na nyeusi, kiliangukia nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakazidi kumwaga pesa kwenye nyekundu wakisema sasa ni zamu yake. Gurudumu halina zamu.

(Zipo gemu zinazokupa kwa hakika ukifikisha idadi fulani. Hapo umenunua tu kitu kwa bei ya masanduku yote hayo. Kama bei hiyo ingebandikwa wazi siku ya kwanza, ungelipa?)

Sasa hizo mara mbili za ubavuni. Hapa ndipo nataka utulie. Kura huwa imeshapigwa pale ulipobonyeza. Gurudumu linalofuata, lile la kupunguza mwendo, tik, tik, tiiik, ni ngoma ya kukutumbuiza, na aliyelitengeneza ndiye anayechagua ukosaji wako uoneshwe namna gani. Mwaka 2009 mtafiti Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha utafiti juu ya kukosa kwa namna hiyo. Waligundua kwamba kukosa padogo kunaamsha sehemu za ubongo zinazoamka mtu anaposhinda. Wachezaji wenyewe walisema hawakupendezwa nako, lakini hamu ya kucheza tena iliongezeka. Kiswahili chetu kilishaliona hilo: neno la nusura upate na neno la mlangoni ni lilelile, karibu.

Na usijione mjinga. Miaka ya 1950 mwanasaikolojia B. F. Skinner alikuwa akifungia njiwa kwenye kisanduku chenye kitufe cha kudonoa. Njiwa aliyezoea kupata punje kila akidonoa, punje zikikatika hakawii kuacha. Yule aliyepata punje bila mpango, mara baada ya midonoo 5, mara baada ya 60, aliendelea kudonoa muda mrefu sana punje zilipokwisha. Wewe umeshazoeshwa kwamba kukosa si dalili ya kuacha.

Mimi mwenyewe ninayekuandikia nilikuwa napanga vito vya rangi. Gemu ilinipa maisha matano, yakiisha nangoja nusu saa nipate moja. Nikawa natega kengele saa tisa usiku. Mama mzima! Kulikuwa na zawadi ya kuingia kila siku, nikafikisha siku 211, ya 212 nikapitiwa, hesabu ikarudi sifuri. Nilikasirika kama mtu aliyevunjiwa nyumba. Baada ya kukasirika nikajiuliza ni nini hasa kimeibwa, na sikupata jibu. Niliifuta jioni ile. Siku nne za kwanza kidole gumba kilikuwa kinaenda chenyewe pale alama yake ilipokuwa.

Kuhusu uraibu, siwezi kukupima kwa barua. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na tatizo la michezo ya kidijitali limo. Wanaangalia kama umeshindwa kujizuia, kama mchezo umeyapita mambo mengine yote ya maisha, na kama unaendelea ingawa unaona unaumia. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Ukijiona humo, nenda kwa mshauri nasaha au daktari. Kilichonishtua mimi katika barua yako ni ile sentensi kwamba mkeo hajui unalipia.

Leo hii ondoa njia ya malipo kwenye simu. Kisha fungua kumbukumbu za manunuzi, ujumlishe kwa pesa halisi. Usijumlishe almasi, zile sarafu za ndani ya gemu, maana almasi ziliwekwa ili usione pesa: tuseme sanduku linauzwa almasi 150, zenyewe zinauzwa kwa mafungu ya 100, unabaki na 50 zinazokuwasha mkono. Andika jumla kwenye karatasi umpe mkeo aisome mwenyewe. Ukianza kwa maelezo utaipunguza.

SWALI: Shangazi, mwanangu wa miaka 9 anafungua masanduku kama hayo. Je, ni kamari? Mama Wawili.

JIBU: Inategemea unamuuliza nani. Mwaka 2018 Ubelgiji ilisema yale ya kulipia ni kamari. Uingereza, mwaka mmoja kabla, wasimamizi wa kamari walisema kama zawadi haigeuki pesa basi sheria yao haiyagusi. Ubongo wa mtoto haujasoma sheria yoyote kati ya hizo. Weka nywila kwenye malipo, halafu kaa naye afungue moja la bure mbele yako. Mtazame uso, simu iache.