Maswali kwa fundi saa: anza na mashine, kasha litafuata

Tangu nilipoeleza hapa jinsi ya kujiundia saa ya mkononi ya mtindo wa zamani, simu yangu haitulii. Wengi mnauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: vipande vimefika, vinapendeza, ila havikubaliani. Nimechagua maswali machache. Waliouliza bei watanisamehe, bei sizitaji gazetini.

Fundi, shikamoo. Nina mashine ya NH35 na mishale ya mtindo wa zamani niliyonunua kwa muuzaji mwingine. Wa saa na wa dakika imekaa vizuri, wa sekunde unadondoka nikitikisa. Nimeuminya tundu kwa kibano, sasa umepinda. Nifanyeje? (Mwanga, Kigoma)

Marahaba. Huo uliouminya uweke kando, haurudi tena. Na kosa halikuanzia kwenye kibano, lilianzia kwenye manunuzi.

Kila mashine ina vipimo vyake vya tundu la mshale. NH35 ya Seiko inataka milimita 1.50 kwa mshale wa saa, 0.90 kwa dakika na 0.20 kwa sekunde. ETA 2824 ya Uswisi inataka 1.50, 0.90 na 0.25. Unaona mtego ulipo? Miwili ya kwanza inaingia kote kote, kwa hiyo mtu anaamini amepata seti sahihi, kumbe wa sekunde umepwaya kwa milimita 0.05, unene wa unywele. Miyota 8215 ya Japani nayo ina yake: 1.50, 1.00 na 0.17. Nahisi ulichouziwa ni seti ya ETA. Agiza mshale wa sekunde peke yake, ulioandikwa kuwa ni wa NH35, ile mingine miwili endelea nayo.

Nitasema hapa jambo ambalo ningependa mlibandike ukutani. Watu wengi huanza na kasha, yaani bodi ya nje, kwa sababu ndilo linaloonekana, kisha wanatafuta mashine ya kuingia humo. Ni sawa na kununua shati halafu utafute mtu wa kulivaa. Chagua mashine kwanza. Ukishaijua, yenyewe itakuambia upana wa nafasi ndani ya kasha, matundu ya mishale, miguu ya uso (vipini vya mgongoni vinavyoushika kwenye mashine) ikae wapi, na uzi, yaani hesi, wa kijiti cha ufunguo, kile kidude cha pembeni cha kuzungusha. NH35 ina upana wa milimita 27.4 na unene wa 5.32. ETA 2824 ni 25.6 kwa 4.6. Kasha lililochongwa kwa ajili ya ETA haliipokei NH35 hata ulisukume vipi. Kinyume chake kinawezekana, ukiweka pete ya kujaza nafasi iliyobaki, lakini urefu wa kijiti nao lazima ulingane na tundu la kasha, vinginevyo ufunguo utakwaruza.

Unene ndio unaoharibu sura ya zamani. Saa nyingi za wanaume za miaka ya 1950 zilikuwa na upana wa milimita 33 hadi 36, tena nyembamba. Ukiweka mashine nene ndani ya kasha dogo unapata kitu kama kopo la dagaa. Anayetaka wembamba wa kweli atafute mashine ya kutia ufunguo kwa mkono, isiyo na ile rota ya kujizungusha.

Halafu uso. Nyuso za NH35 ni za aina mbili: za kasha lenye ufunguo kwenye saa tatu, na za kasha lenye ufunguo karibu na saa nne. Miguu yake haikai mahali pamoja. Ukichanganya, dirisha la tarehe linakuwa limeelekea pembeni. Na kama uso wako hauna dirisha la tarehe kabisa, nunua NH38, haina tarehe. Usipofanya hivyo, kila ukirekebisha saa utakuwa unapita hatua ya kwanza ya ufunguo, ya kubadilisha tarehe ambayo hakuna anayeiona.

Babu yangu alifanya kazi reli, akaacha saa ya mfukoni yenye kuonyesha sekunde kwenye kiuso kidogo cha chini. Inatembea. Nataka kuigeuza ya mkononi. Namba zake zilikuwa zinang'aa gizani, sasa zimekuwa kahawia, nataka kuzikwangua nipake rangi mpya. (Kasulu)

Dada, kwanza weka chini hicho cha kukwangulia. Rangi ya kung'aa ya saa za zamani mara nyingi ilichanganywa na radiamu. Mng'ao umekufa kwa sababu kemikali inayowaka imechoka, lakini radiamu yenyewe haijachoka: huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Ikiwa imefungwa ndani ya kioo haina shida kubwa. Ukiikwangua, unga wake unauvuta kwa pua na kuumeza. Usifanye, wala usimpe mtoto afanye.

Kuhusu kuigeuza: inawezekana, ila angalia ufunguo uko wapi. Saa za mfukoni zisizo na kifuniko cha mbele zina ufunguo juu, kwenye kumi na mbili, na kiuso cha sekunde chini, kwenye sita. Ukiilaza mkononi ili ufunguo uwe upande wa saa tatu, kiuso cha sekunde kinahamia kwenye tisa. Ndiyo maana saa kubwa za kisasa zenye mashine ya Unitas 6497 zina sekunde pale kwenye tisa. Dada yake, 6498, asili yake ni saa za mfukoni zenye kifuniko, na sekunde zake zinakaa sita. Zote mbili ni milimita 36.6, kwa hiyo kasha mara nyingi halipungui 40. Kwa hiyo wewe utahitaji uso mpya, kwani ule wa babu utakuwa umelala ubavu.

Ukiniuliza mimi, ningeiacha. Ikiwa ni ya kabla ya miaka ya 1930, mhimili wa gurudumu la mizani, lile linaloyumba kupima mapigo, hauna springi za kuukinga na mitikisiko. Mfukoni ilikuwa salama. Mkononi, juu ya bodaboda kutoka Kasulu hadi Buhigwe, sijui kama itamaliza mwezi. Reli imefika huku Kigoma tangu 1914 na saa za namna hiyo zilizobaki ni za kuhesabu. Nunua 6498 mpya, jenga saa inayofanana nayo, ya babu iweke kwenye sanduku uwe unaitia ufunguo siku za sikukuu.

Assalaam aleikum. Marehemu baba alivaa saa iliyosomeka Kiswahili moja kwa moja: ikiwa saa mbili asubuhi, mshale uko kwenye mbili. Nataka kuunda kama hiyo, lakini yenye tarehe. Je, lazima nichapishiwe uso maalumu? (Ujiji)

Waaleikum salaam. Hili swali limenifurahisha kuliko yote. Wazee wa Ujiji mishale wakiiita akrabu, na nadhani hakuna nyumba ya zamani pale isiyowahi kuwa na saa iliyowekwa hivyo.

Uso maalumu hauhitajiki. Saa zetu na za Kizungu zinapishana saa sita kamili, na uso una saa kumi na mbili, basi unaiweka tu mishale kwenye saa ya Kiswahili. Shida inakuja kwenye tarehe. Mashine haijui Kiswahili wala Kizungu, yenyewe inaruka tarehe mara moja katika saa 24. Fundi akifunga mishale kwa kawaida, anazungusha ufunguo mpaka tarehe iruke, halafu anaweka mshale wa saa na wa dakika kwenye kumi na mbili.

Wewe una njia mbili. Ukitaka tarehe ibadilike saa sita usiku kama kalenda ya benki, subiri tarehe iruke, kisha mshale wa saa uuweke kwenye sita, wa dakika kwenye kumi na mbili. Kazi imeisha. Njia ya pili ndiyo ningeichagua mimi: mwambie fundi afunge kwa kawaida, halafu wewe uirekebishe tarehe iruke saa kumi na mbili jioni. Hapo siku yako inaanza magharibi, kama wazee walivyohesabu, Alhamisi jua likizama ni usiku wa Ijumaa. Tahadhari moja: karibu na muda wa kuruka, gia za tarehe zimeshikana, usiibadilishe kwa ufunguo. Katika mpangilio huu wa pili, epuka kuanzia saa tisa alasiri hadi saa nne usiku.

Uso niliopata hauna miguu. Naweza kutumia supagluu? (Uvinza)

Hapana! Mwaka wangu wa pili kazini nilimfungia mzee mmoja uso kwa supagluu, nikafunga kasha, nikalala. Asubuhi kioo kilikuwa na ukungu mweupe ndani, uso nao, mishale nayo. Ule ni mvuke wa gundi, unatua kila mahali. Nililipa uso mwingine kwa pesa yangu. Tumia vidoti vya gundi vya kunata pande mbili, vidogo, viwili, pembezoni mwa mashine, mbali na duara la tarehe.

Nikimaliza kuiunda naweza kuogelea nayo ziwani? (Kibirizi)

Yenye kioo cha plastiki kilichobanwa tu na ufunguo usio na uzi wa kufungia? Ivue, iache ndani ya kiatu. Maandishi ya mita 30 mgongoni maana yake ni matone ya mvua na kunawa mikono.

Mkanda wa milimita 18 au 20? (Kibondo)

Pima nafasi kati ya masikio ya kasha, kwa ndani. Namba utakayoipata ndiyo jibu.

Saa yangu niliyoiunda ilikwenda vizuri wiki mbili, sasa inakimbia zaidi ya dakika kumi kwa siku. Nimeifungua mara tatu sioni kitu. (Isevya, Tabora)

Kaka, acha kuifungua, unaingiza vumbi, na vumbi la Tabora mwezi wa nane ninalijua. Saa inayoanza kukimbia ghafla kiasi hicho mara nyingi imeshika sumaku. Mizunguko ya ile springi nyembamba ya mizani inanatana, springi inakuwa kama imefupishwa, mapigo yanaongezeka. Iweke karibu na dira: sindano ikicheza, jibu umelipata. Fundi mwenye kifaa cha kutoa sumaku atakumalizia kwa dakika moja. Kabla ya hapo niambie, usiku unaiweka wapi? Kama ni juu ya spika ya redio, ihamishe leo.