Nimeibiwa kwenye treni Ujerumani, nyumbani sijasema

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa Tanga, nasoma shahada ya uzamili Leipzig, mwaka wa kwanza. Wiki iliyopita nilikuwa narudi kutoka Halle kwa treni ya jioni. Treni ikiwa bado imesimama, mtu aligonga dirisha kwa nje, akawa ananionyesha saa ya mkononi kama anayeuliza muda. Nikamgeukia. Kurudisha macho, begi halipo kwenye kiti. Ndani mlikuwa na pasipoti, kadi ya ukaazi, kadi ya benki na laptop. Kilichopona ni simu, nilikuwa nimeishika.

Nililia mbele za watu. Bibi mmoja wa Kijerumani aliyekaa mkabala nami alishuka nami Leipzig, ingawa yeye alikuwa anaendelea mbele. Akanipeleka kwa polisi wa stesheni, akakaa mpaka wakamaliza kuandika, pale ninapokwama Kijerumani ananisaidia. Kisha akaninunulia mkate na chai, akatia euro 40 kwenye mfuko wa karatasi wa duka la mikate, na juu yake akaandika namba yake ya simu. Niliposema nitamrudishia, alipunga mkono tu.

Shangazi, laptop ile ni mchango wa ukoo; baba mdogo peke yake alitoa laki tano. Mama sijamwambia. Yule bibi sijampigia, nampigiaje na hela sina? Na siku hizi mtu akikaa karibu yangu navuta begi. Juzi nimekaa kwenye tramu, mama mmoja akavuta lake kwa sababu yangu. Imeniuma, na la kusema sina.

M., Leipzig

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Barua yako ina machozi mengi, lakini hujaniambia kama kadi ya benki umeifunga. Tuanzie hapo. Ujerumani kuna namba moja ya kufungia kadi, 116 116, inapokea usiku na mchana na ndani ya nchi haitozwi. Benki nyingi zimo. Yako ikiwa haimo, piga benki moja kwa moja. Hiyo hiyo 116 116 hufunga matumizi ya mtandaoni ya kadi ya ukaazi, kama uliyawasha. Kuna jambo ambalo wanafunzi wengi huwa hawaambiwi: ukishaifunga kadi benki, mwizi bado anaweza kulipa dukani kwa kutia saini tu, bila namba ya siri. Mlango huo unafungwa kupitia polisi, kwa mfumo unaoitwa KUNO. Rudi kituoni na karatasi waliyokupa, tamka neno hilo, wataelewa.

Karatasi hiyo itunze kama cheti cha kuzaliwa. Ofisi ya wageni wataitaka ili wakutengenezee kadi nyingine ya ukaazi, na ubalozi wetu Berlin wataitaka kwa ajili ya pasipoti. Toa nakala, piga na picha. Anza na pasipoti, kwa kuwa kadi ya ukaazi inaifuata.

Pesa zako za akaunti iliyozuiwa, ile ya matumizi ya masomo inayotolewa kidogo kidogo, mwizi hazifikii. Ule utaratibu wa kukutolea euro 992 kila mwezi, ambao najua mnaulalamikia wote, safari hii umekulinda. Ukikwama kabla ya mwezi kugeuka, nenda kwa wachungaji wa wanafunzi, ESG ni wa Kiinjili na KHG, kwingine huitwa KSG, ni wa Kikatoliki. Wana fungu la dharura kwa wanafunzi wa kutoka nchi kama zetu, na wewe kuwa Mwislamu au usiwe si hoja kwao. Na siku nyingine, Mungu apishie mbali, ukikwama stesheni bila mtu, tafuta Bahnhofsmission, huduma ya makanisa ya kusaidia watu stesheni. Walianza Berlin mwaka 1894 kwa ajili ya mabinti waliokuwa wakitoka vijijini kutafuta kazi mjini, na leo wapo kwenye stesheni zaidi ya mia, Leipzig wakiwemo. Utapata chai, pa kukaa, na mtu wa kukupigia simu.

Kuhusu kuibiwa kwenyewe, usijilaumu hata kidogo. Mgonga dirisha hakuwa peke yake. Mmoja anagonga, mwenzake yumo ndani. Ni mbinu ya siku nyingi na polisi wa reli huwaonya abiria juu yake. Wajerumani wenyewe, waliozaliwa humo kwenye treni, wanaibiwa hivyo hivyo.

Mama mwambie, na mwambie wewe. Leipzig kuna Watanzania na kuna WhatsApp, habari hiyo ikifika Tanga kwa mtu mwingine itafika na miguu ya ziada: utakuwa umepigwa, umelazwa. Mpigie baada ya isha, kumbuka saa za kwetu ziko mbele. Neno la kwanza liwe “mama, mimi mzima”, halafu mweleze habari ya bibi, na mwisho ndiyo laptop. Baba mdogo mpigie mwenyewe, usimwachie mama mzigo huo. Atanung'unika, ni haki yake, laki tano si maji. Lakini usimwombe nyingine leo. Uliza kwanza maktaba ya chuo na idara yako, sehemu nyingi huazimisha kompyuta kwa wanafunzi.

La tramu nimelisoma mara mbili. Mimi nilisoma Halle hiyo hiyo, na nilipoibiwa baiskeli nikawa nawatazama wenzangu wote wa bwenini kama wezi, mpaka msimamizi wa jengo, mzee mkali asiyejibu salamu, aliponishusha chini kwenye ghala na kunipa baiskeli iliyoachwa na mwanafunzi aliyeondoka. Alipuliza vumbi kwenye kiti, akaniambia breki ya nyuma haifai, akaondoka zake. Hata hivyo kufuli nilinunua kubwa zaidi. Kwa hiyo endelea kushika begi lako, pitisha mkanda mguuni, wala usione haya. Yule mama wa tramu nawe msalimie na ukae. Huenda naye aliwahi kugongewa dirisha, huenda ni ubaguzi tu, hutajua, na si kazi yako kumtibu.

Sasa yule bibi. Mpigie wiki hii. Kuchelewa ndiko kutakakomuudhi, hizo euro 40 hazidai. Mtu aliyekatisha safari yake kwa ajili yako analala akijiuliza ulifikaje. Mwambie polisi wamesema nini, umeshafunga kadi, mama yako anamsalimu. Ndiyo maana nimetaka mama ajue kwanza. Usiende kumshikisha noti mkononi, atakasirika. Muulize kama unaweza kumtembelea Jumapili alasiri, saa ambayo wao hunywa kahawa na keki, nawe uende na visheti ulivyopika mwenyewe. Hiliki tia kidogo. Wengi wao wanaijua kwenye biskuti za Krismasi tu, ukiizidisha watakuuliza mbona unasherehekea mapema.