Re: Kanisa la magogo la watu weusi Kanada, ni kweli lipo?

Mkuu, umeuliza kama lile kanisa la magogo la watu weusi kule Ontario bado limesimama au ni stori tu. Lipo, tena linatunzwa. Ni Kanisa la Kiafrika la Oro, kaskazini mwa mji wa Barrie, pembeni kabisa ya barabara.

Wengi wanadhani waliolijenga wote walikuwa watumwa waliotoroka Marekani. Si hivyo. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza kugawa mashamba Oro mwaka 1819, na miongoni mwa waliolengwa ni askari weusi waliopigana upande wake katika vita vya 1812 kati ya Uingereza na Marekani. Njia iliyopita kwenye mashamba yao iliitwa Wilberforce, jina la yule mbunge wa Uingereza aliyepinga biashara ya watumwa. Kanisa lilikamilika 1849.

Ukiliona kwa mara ya kwanza utasema ni banda tu: chumba kimoja, paa la miteremko miwili, kuta za mbao. Ila hizo mbao ni koti la nje, magogo yenyewe yako ndani yake. Mimi hapo ndipo linaponigusa.

Wenyewe walihama kidogo kidogo, maana ardhi haikuwa nzuri na baridi ya kule si mchezo. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 ibada zilikuwa zimekoma. Mwaka 2000 likatambuliwa kuwa eneo la kihistoria la taifa, na ukarabati mkubwa ukakamilika 2016. Ukienda, usiishie kupiga picha mlango tu, soma na maandishi ya kumbukumbu pale nje.